Stika inasema 7, fundi anasema 11: kompyuta yangu ina Windows gani?

Shikamoo Mjomba,

Nina duka dogo la steshenari hapa Morogoro, jirani na shule ya sekondari. Nachapa barua na CV, natoa kopi, nachapa mitihani ya walimu na kuwajazia watu fomu mtandaoni. Kazi yote iko kwenye laptopu moja ya mtumba niliyonunua mwaka jana. Muuzaji aliniambia ina RAM 8, haitanisumbua. Kusema kweli inanisumbua, ni nzito mno, lakini leo sijaandika kwa ajili hiyo.

Mwezi huu nimenunua printa mpya. Nikampigia aliyeniuzia anielekeze namna ya kuiunganisha, akaniuliza, "Dada, unatumia mfumo endeshi gani?" Nikamjibu ni HP. Akasema hapana, hilo ni jina la kampuni, yeye anataka kujua ni Windows ngapi, tena ni ya biti 32 au 64. Nikakosa la kusema. Wateja walikuwa wamesimama dirishani wananisikiliza, nikaona aibu.

Tangu hapo nimeuliza kila mtu na kila mtu ana lake. Chini ya laptopu kuna stika ya Windows 7. Fundi aliyenipigia Windows anasema ni Windows 11, na ukiitazama inafanana kabisa na zile mpya, ikoni zimekaa katikati pale chini. Kijana wa jirani akafungua tovuti inayotambua kompyuta, ikaandika Windows 10. Nikaamua kumsikiliza fundi: nikapakua programu ya printa, nikachagua Windows 11, biti 64. Ikakataa. Yakatokea maandishi "This app can't run on your PC".

Fundi sasa anasema windo imechoka, nimlipe apige upya, na kila kilichomo kitafutika. Mle ndani kuna kazi za wateja na mitihani ambayo walimu wamenikabidhi kwa siri. Halafu mdogo wangu wa kiume anaanza chuo, anauziwa laptopu kwa bei nzuri, ila kibodi yake haina kitufe cha Windows. Naogopa asije akaingia kwenye shida kama yangu. Nifanyeje, Mjomba?

Mpwa wako,
Mwenye Steshenari, Morogoro

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole na kazi.

Aibu iweke kando. Wanaotuuzia kompyuta hutaja jina la kampuni, RAM, ukubwa wa diski na bei, mazungumzo yakaishia hapo. Mfumo endeshi hautajwi mpaka siku kitu kinapogoma. HP, Dell na Lenovo ni kampuni zinazounda mashine. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka ya kwanza unapowasha, ikashika usukani wa kibodi, kioo, diski, printa na programu nyingine zote. Kwenye kompyuta za watu wengi utakuta mmoja kati ya hii minne: Windows ya Microsoft, macOS ya Apple, ChromeOS ya Google, au Linux ya aina moja au nyingine. Mashine mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kuwa na mifumo tofauti, na ndiyo sababu muuzaji wa printa hakuweza kufanya lolote na jibu lako la kwanza. Programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, yaani draiva, huandikwa kwa ajili ya mfumo endeshi fulani. Ukikosea mfumo, printa nzima kabisa itaonekana mbovu.

Majibu uliyopewa tuyapime moja moja, maana kila moja lina kitu cha kutufundisha.

Stika ni cheti cha kuzaliwa cha laptopu. Ilibandikwa kiwandani na inataja Windows iliyotoka nayo, haijui waliyoifanyia mafundi baadaye. Hata hivyo usiibandue, inatupa umri. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na watengenezaji waliacha kuuza mashine mpya zenye Windows 7 Professional mwishoni mwa Oktoba 2016. Kwa hiyo laptopu yako ni ya miaka hiyo au ya karibu na hapo. Shika jambo hilo, nitalirudia tutakapofika kwenye Windows 11.

Tovuti ya yule kijana ilisema 10. Kivinjari chako kinapofungua tovuti hujitambulisha kwa mstari mfupi wa maandishi, na ndani ya mstari huo kunatajwa mfumo endeshi. Windows 7 hutajwa kama Windows NT 6.1. Windows 10 hutajwa kama Windows NT 10.0, na Windows 11 nayo hutajwa vilevile, Windows NT 10.0, bila tofauti yoyote. Tovuti isiyochimba zaidi ya mstari huo huandika Windows 10 kwa zote mbili. Basi tovuti imetusaidia nusu tu: imeiondoa Windows 7 kwenye mjadala, lakini kati ya 10 na 11 haikuwa na njia ya kujua.

Fundi naye anasema 11, na ushahidi wake ni sura. Sura ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kubadilisha kwenye kompyuta. Zipo programu za urembo zinazoivalisha Windows 10 sura ya 11: picha ile ya bluu, ikoni katikati, pembe za madirisha zilizopindwa. Wapo mafundi wanaoziweka kwa nia ya kumfurahisha mteja, na wapo wanaoziweka ili wapandishe bei. Wako simjui, simtuhumu. Nasema tu kwamba ikoni kukaa katikati hakuthibitishi chochote.

Lakini kwenye barua yako kuna shahidi wa nne ambaye umempita haraka, nami ndiye ninayemwamini zaidi: yale maandishi ya "This app can't run on your PC". Mara nyingi Windows hutoa ujumbe huo pale unapojaribu kufungua programu ya biti 64 ndani ya Windows ya biti 32; biti hapa ni kipimo cha upana wa data ambayo mfumo huishughulikia kwa mkupuo mmoja. Huweza pia kuja faili likiwa limepakuliwa nusu, bando likikatika njiani, kwa hiyo hatuhukumu kwa ujumbe peke yake. Ila ukitazama pamoja na uzito unaoulalamikia, nashuku sana kwamba Windows yako ni ya biti 32. Na Windows 11 haijawahi kutolewa kwa biti 32. Ipo ya 64 tu. Shuku yangu ikiwa sahihi, basi hiyo si 11, hata ikivaa nini.

Sasa iulize kompyuta yenyewe. Tafuta kwenye kibodi kitufe chenye nembo ya Windows, kipo safu ya chini upande wa kushoto, kati ya Ctrl na Alt. Kishikilie, ukiwa umekishikilia bonyeza herufi R, kisha achia vyote. Kitatokea kisanduku kidogo pembeni mwa kioo. Andika winver, neno moja bila nafasi, ubonyeze Enter. Litafunguka dirisha dogo lenye maandishi ya haki miliki ya Microsoft, na katikati yake mstari unaotaja Version, kisha kwenye mabano OS Build ikifuatiwa na namba ndefu.

Namba ya Build ndiyo unayoitaka. Ikianzia 22000 kwenda juu, ni Windows 11. Ikiwa 19045, ni Windows 10, tena toleo lake la mwisho liitwalo 22H2. Namba yoyote kati ya 10240 na 19045 bado ni Windows 10, ila ndogo zaidi ni za matoleo ya nyuma ambayo hayakusasishwa. Ukikuta 9600 ni Windows 8.1, na 7601 ni Windows 7. Huna haja ya kuzikariri. Chukua picha ya dirisha hilo kwa simu, ukiulizwa tena unaisoma tu.

Ukishamaliza hapo, funga, ushikilie tena kitufe cha Windows na safari hii ubonyeze herufi I. Utafunguka ukurasa wa mipangilio. Ingia System, shuka mpaka mwisho kabisa wa orodha, ubofye About. Hapa pana mistari mitatu ambayo nataka uisome bila haraka.

Mmoja umeandikwa Edition. Huo unataja kama ni Home au Pro, nawe uandike pembeni kwa kuwa utahitajika siku ya kupiga upya.

Wa pili ni System type, na ndio wenye jibu la swali la muuzaji wako wa printa. Mstari huo una vipande viwili, cha kwanza kinaielezea Windows na cha pili kinaielezea prosesa, yaani chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta. Ukisoma 64-bit kwenye kipande cha kwanza, nimekosea na draiva yako ilikataa kwa sababu nyingine, pengine faili bovu, lipakue upya. Ukisoma "32-bit operating system, x64-based processor", basi nimepatia, na habari hiyo ni nzuri kuliko inavyosikika. Maana yake ni kwamba prosesa ina uwezo wa biti 64, ila mtu aliiwekea Windows ya biti 32, yawezekana kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye flashi yake siku hiyo. Ukisoma "32-bit operating system, x86-based processor", hapo prosesa yenyewe ndiyo mwisho wake na hakuna fundi wa kuibadilisha kwa programu. Kwa laptopu ya umri wa yako sitegemei kukuta hilo.

Angalia hapo kwenye x86 na x64, maana wengi huanguka. Kwenye tovuti za kupakua programu utaona maneno hayo mawili, na mtu akiona 86 hudhani ni kubwa kuliko 64, ndiyo mpya. Ni kinyume. x86 humaanisha biti 32, x64 humaanisha biti 64.

Mstari wa tatu ni Installed RAM. Muuzaji alikwambia 8. Soma kwanza namba, halafu soma kilichoandikwa kwenye mabano mbele yake. Ikiwa umeandikwa 8.00 GB, na kwenye mabano ukaona kitu kama 2.9 GB usable, umeshaupata ugonjwa wa uzito. Windows ya biti 32 tunayotumia sisi watu wa kawaida haiwezi kutumia RAM inayozidi GB 4, na sehemu ya hizo nne hutengwa kwa ajili ya vifaa kama kadi ya picha, ndipo hubaki kama tatu hivi. Zile nyingine zimo ndani ya mashine, zinakula umeme, hazifanyi kazi. Hili linaniuma, mpwa wangu, kwa sababu nimeona watu wakiongeza RAM kwa fedha waliyoidunduliza, laptopu isibadilike hata kidogo, wakaambiwa kompyuta imezeeka. Haikuzeeka. Ilinyimwa kile walichokilipia.

Sasa printa. Kama majibu ni Windows 10 biti 32, rudi kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, andika namba ya modeli iliyobandikwa kwenye printa yenyewe, kwenye orodha ya mifumo chagua Windows 10, 32-bit. Pakua kutoka kwa kampuni tu, usifuate tovuti za pembeni zinazojitangaza kuwa na draiva za kila kitu, nyingi hukubebesha na mambo usiyoyaomba. Draiva ikikubali, kazi za dukani zinaendelea leo hii, na huna haja ya kumlipa mtu kwa presha. Kampuni nyingine hazitoi tena draiva za biti 32 kwa printa mpya. Ukikosa kabisa, itakubidi uhamie biti 64.

Na kuhamia biti 64 nakushauri uhamie kwa vyovyote, wiki yenye kazi chache, kwa sababu ya ile RAM. Hapa fundi wako ana haki katika jambo moja: huwezi kuipandisha Windows ya biti 32 ikawa 64 huku vitu vikibaki mahali pake. Inapigwa upya. Lakini kupigwa upya kusiwe kwa masharti yake, kuwe kwa masharti yako.

Nunua au azima diski ya nje. Flashi moja isitoshe kuwa akiba yako, flashi hupotea na hufa bila taarifa. Nakili Documents, Desktop, Downloads na Pictures, kisha ingia diski C na D utafute folda ambazo uliziunda mwenyewe ukasahau. Ukimaliza, ichomoe diski, uichomeke kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili kadhaa, la zamani na la jana, usome yaliyomo. Watu wengi hunakili njia za mkato badala ya mafaili, wakagundua baada ya kila kitu kufutwa. Mitihani ya walimu ibaki kwenye diski yako unayoishika mwenyewe, usimwachie fundi.

Mwambie fundi akuwekee Windows 10 ya biti 64, Edition ileile uliyoiandika pembeni. Kama Windows uliyo nayo ni halali, leseni yake hutumika kwa biti 32 na 64 sawasawa ili mradi Edition haijabadilika. Ili ujue kama ni halali, rudi kwenye mipangilio, ingia Update & Security, kisha Activation. Ukikuta imeandikwa kwamba Windows imewashwa kwa digital license, kwa kawaida uko salama. Ukikuta "activated using your organization's activation service", shtuka. Njia hiyo ni ya makampuni na taasisi zenye seva zao wenyewe, yaani kompyuta kuu zinazohudumia nyingine, na duka lako halina seva. Karibu kila mara hiyo ni kraki, yaani Windows iliyowashwa kwa hila bila leseni.

Hapo nataka nikae kidogo. Najua hali ya mifuko yetu na najua kraki zimezoeleka. Ila fikiria kilichomo kwenye laptopu ya steshenari: namba za NIDA za watu, vyeti vya watoto vilivyoskaniwa, nywila za akaunti za maombi ya mikopo ya elimu ya juu, mitihani kabla haijafanywa. Programu za kraki hudai uzime antivairasi ndipo zifanye kazi, na wewe huna namna ya kujua kingine kilichoingia wakati mlango uko wazi. Wanaokukabidhi vitambulisho vyao hawana habari kwamba vinakaa kwenye mashine ya namna hiyo. Kwa ajili yao, usikubali.

Pana na jambo la tarehe. Microsoft ilifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka na kufanya kazi, ila masasisho ya usalama ya bure ya kawaida yamekoma. Kwa watumiaji binafsi kampuni hiyo ilifungua mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiunga kupitia ukurasa wa Windows Update, mahali palipoandikwa Enroll. Ama unalipia dola 30, ama unaingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni, bila kulipa. Sharti lake ni uwe na toleo la 22H2, lile la Build 19045. Usipoliona neno Enroll, sasisha kwanza mpaka ufike toleo hilo, kisha utazame tena.

Je, kwa nini basi usiende moja kwa moja Windows 11? Hapa ndipo stika inaporudi. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel Core, orodha hiyo kwa ujumla huanzia kizazi cha 8. Pale pale kwenye About kuna mstari wa Processor. Ukisoma mfano i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha 6. i5-8250U ni cha 8. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za kwanza: cha 10. Laptopu iliyozaliwa na Windows 7 haitafika kizazi cha 8, hesabu ya miaka haikubali. Mafundi wanajua njia za kulazimisha, na Windows 11 itaingia, lakini Microsoft yenyewe imeandika kwamba mashine zisizotimiza masharti hazina uhakika wa kupata masasisho. Utakuwa umelipa kuondoka kwenye mfumo usiosasishwa kwenda kwenye mwingine ambao huenda ukaachwa vilevile.

Kuna njia ya tatu ambayo mafundi wetu huitaja kwa nadra, nayo ni Linux, kama Ubuntu au Linux Mint. Ni ya bure kihalali, haihitaji kraki, na mashine za umri wa yako huzibeba vizuri. Waswahili hatukuianza jana: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kasoro yake kwako ni kwamba wateja wanakuletea mafaili ya Word na Publisher. LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux, hufungua ya Word vizuri, ila mpangilio huweza kusogea, na kwenye mtihani wenye majedwali na michoro hilo litakuletea maneno. Kwa hiyo sikusukumi huko leo. Ungekuwa unaandika barua tu, ningekusukuma. Siku ukiikuta kwenye kompyuta ya mtu, hapo winver haipo: ingia Settings kisha About, au fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike cat /etc/os-release, itakutajia jina na toleo. Kwa Ubuntu toleo ni mwaka na mwezi ilipotoka, hivyo 24.04 ni ya Aprili 2024.

Nimalizie na mdogo wako. Kibodi isiyo na kitufe cha Windows inaashiria mambo mawili. Ikiwa kuna kitufe chenye neno command, na nyuma ya kioo kuna tunda lililong'atwa, ni Mac. Abofye lile tunda juu kushoto, achague About This Mac, atasoma jina na namba ya macOS. Kwa Mac asiitegemee tovuti ya kutambua kompyuta: vivinjari vikubwa huko viliganda kwenye kujitaja kama toleo la 10.15.7 hata Mac ikiwa na mfumo wa jana.

Kama pale palipozoeleka kuwa na Caps Lock kuna kitufe chenye alama ya kutafutia, hiyo ni Chromebook, laptopu yenye ChromeOS, na nadhani ndiyo anayouziwa, kwa sababu bei nzuri huwa ni za hizo. Nyingi huja kwenye mitumba baada ya kutumiwa na shule za nje. Kwa kuandika kazi na kuingia mtandaoni inamtosha, ila programu za Windows haziingii humo, yale mafaili yenye mwisho wa .exe hayatafunguka. Aulize kwanza chuoni kama kozi yake ina programu ya lazima ya Windows. Kisha aingie Settings, About ChromeOS, atazame maelezo ya ziada: kuna mstari unaotaja mwezi na mwaka ambao masasisho yatakoma kwa mashine hiyo. Tarehe ikiwa imeshapita, asinunue.

Na kabla ya kutoa hela, aombe iwashwe mpaka ukurasa wa kuingilia. Akiona maandishi yanayosema kifaa kinasimamiwa na shule au taasisi fulani, arudishe. Mashine hiyo bado imefungwa kwa mwenyewe wa kwanza, na hata ikifutwa yote, itadai tena akaunti ya shule hiyo mara itakapounganishwa na intaneti. Muuzaji akisema chaji imeisha, akaiwashe nyumbani, amwambie atasubiri ichajiwe hapo hapo dukani.

Mjomba